Modemu ya nyumbani inapozuia masasisho: utatuzi kwa kufuata dalili

Malalamiko yanayonifikia mara nyingi zaidi, yawe yametoka Igoma, Nyegezi au Kirumba hapa Mwanza, au ng'ambo kule Sengerema, huja kwa maneno yaleyale: "Fundi, intaneti ipo, WhatsApp inakwenda, lakini kompyuta inakataa kujisasisha." Anayenieleza hivyo huwa ameshatoa hukumu kwamba mkosaji ni fayawoli ya modemu. Mara nyingine hukumu hiyo ni sahihi. Mara nyingi zaidi si sahihi, na ubaya wake ni kwamba humfanya mtu azime ulinzi wa nyumba nzima ili apokee programu ambayo kazi yake ni kuongeza ulinzi. Microsoft ilitoa rekebisho la udhaifu uliotumiwa na kirusi cha WannaCry tarehe 14 Machi 2017, na kirusi chenyewe kikasambaa duniani tarehe 12 Mei mwaka huohuo, karibu miezi miwili baadaye. Kompyuta zilizofungwa mafaili yake siku ile ni zile ambazo rekebisho hilo lilikuwa halijazifikia. Ndiyo maana sasisho lililokwama si jambo la kuacha mpaka mwezi ujao, na fayawoli nayo si kitu cha kuzima ili tuone itakuwaje.

Katika maelezo haya, modemu ni kile kisanduku kinachogawa Wi-Fi nyumbani, ambacho wengine hukiita ruta, kiwe kinatumia laini ya simu au waya wa faiba. Fayawoli iliyomo ndani yake hufanya kazi kama mlinzi wa geti aliyepewa agizo moja: anayetoka ndani apite, na akirudi na mzigo aliokwenda kuuchukua aingie, lakini mgeni anayebisha hodi bila kuitwa asifunguliwe. Kijana wa nyumbani akitumwa Mwaloni kununua sato, mlinzi hamzuii anaporudi na kikapu, kwa sababu alimwona akitoka. Masasisho ni safari ya namna hiyo. Kompyuta ndiyo inayotoka kwenda kuuliza seva kama kuna kipya, kisha inarudi nacho. Kwa hiyo fundi anayekuambia kwamba ni lazima afungue poti (mlango wa mawasiliano wenye namba yake) kutoka nje, au aiweke kompyuta yako kwenye sehemu isiyolindwa na fayawoli iitwayo DMZ, ili masasisho yaingie, anakosea. Ukimkubalia, atakuwa amemwondoa mlinzi getini na tatizo lako litabaki palepale.

Kipimo cha kufanya kabla ya yote

Washa hotspoti ya simu, ikiwezekana kwa laini ya mtandao tofauti na ule wa modemu, uunganishe kompyuta kwenye simu hiyo, kisha uiagize itafute masasisho. Huna haja ya kumaliza kupakua, kwa maana bando litakwisha bure. Angalia tu kama upakuaji unaanza, halafu usimamishe. Ikiwa masasisho yanagoma hata kwa hotspoti, kosa liko ndani ya kompyuta na modemu haihusiki. Ikiwa yanakubali, kosa liko kwenye modemu au kwa mtoa huduma wake. Ukitumia laini ya mtandao uleule wa modemu, kipimo kikigoma hakitaweza kutenganisha kosa la kompyuta na la mtoa huduma, na ndiyo sababu nasisitiza laini tofauti. Matokeo yaandike, kwa sababu utayahitaji iwapo utalazimika kupiga simu.

Dalili ya kwanza: intaneti ipo, lakini masasisho hayaanzi kabisa

Sababu ninayoikuta kuliko zote ni saa ya kompyuta. Kompyuta huzitambua seva za masasisho kwa vyeti vya kidijitali vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na saa ikiwa nyuma kwa miaka kadhaa, vyeti vyote huonekana kuwa batili. Katika Windows, kosa hili mara nyingi hujitokeza kwa namba 0x80072F8F.

Niliitwa kwenye steshenari moja Igoma ambako kompyuta ya mezani ilikuwa haijajisasisha kwa miezi minne. "Shikamoo mama," nikasalimu. "Marahaba mwanangu. Mwenzako alishafungua kila kitu huko ndani ya modemu, lakini bado." Nilipoingia kwenye mipangilio nilikuta kweli kila kitu kimefunguliwa: fayawoli imezimwa, na DMZ imeelekezwa kwenye kompyuta ileile ambayo watu hupelekea vyeti vyao vya shule na nakala za vitambulisho vya NIDA. Kwenye kona ya kioo, tarehe ilisomeka Januari 2015. Betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao wa ndani, yenye umbo la sarafu, ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila umeme ulipokatika kompyuta ilisahau siku. Kivinjari nacho kilikuwa kikitoa onyo kuhusu usalama wa tovuti, na fundi aliyenitangulia alilisoma onyo hilo kama ushahidi dhidi ya fayawoli. Nilibadilisha betri, nikarekebisha saa, nikairudisha fayawoli na kufuta DMZ. Sasisho la kwanza lilianza kabla mama hajamaliza kutoa nakala za mteja aliyekuwa akisubiri. Kilichoniumiza ni ile miezi minne ambayo nyaraka za watu zilikaa wazi kwa sababu ya betri.

Sababu ya pili kwa wingi ni mpangilio wa Windows unaoutambua mtandao fulani kuwa wa kulipiwa kwa kipimo. Wengi huuwasha wenyewe ili kuokoa bando, kisha wakausahau, na ukiwa umewashwa, masasisho mengi hungoja bila kuonyesha kosa lolote. Fungua sifa za mtandao wa Wi-Fi uliounganishwa, uangalie swichi hiyo. Hapohapo hakikisha kwamba mfumo wenyewe bado unahudumiwa: Windows 7 iliachwa tarehe 14 Januari 2020, Windows 8.1 tarehe 10 Januari 2023, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yenye Windows 10 ambayo haijaandikishwa kwenye mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama inaweza kukaa kimya mwezi baada ya mwezi, na hakuna modemu itakayoifanya iseme.

Baada ya hayo ndipo tunafika kwenye modemu. Ingia kwenye ukurasa wake kwa anwani iliyoandikwa kwenye kibandiko kilicho chini yake. Modemu nyingi za laini za Huawei hutumia 192.168.8.1, za faiba za kampuni hiyohiyo mara nyingi hutumia 192.168.100.1, na nyingine nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Kabla ya kugusa chochote, piga picha kila ukurasa wa mipangilio kwa simu. Kisha tafuta kiwango cha fayawoli, ambacho kwa kawaida kina ngazi tatu: chini, wastani na juu. Katika baadhi ya modemu, ngazi ya juu huruhusu huduma chache tu zinazojulikana na kuzuia safari nyingine zote zinazotoka, hivyo mlinzi huyu huwazuia hata wenye nyumba. Irudishe kwenye wastani, hifadhi, zima na uwashe modemu, subiri dakika tatu, kisha jaribu tena. Usishuke chini ya wastani. Ikiwa wastani haitoshi, sababu ni nyingine, na kushusha zaidi kutakupa hatari bila kukupa jibu.

Kinachofuata ni kichujio cha tovuti, hasa pale kilipowekwa kwa ajili ya watoto. Kuna vichujio vya kukataza, ambavyo huzuia tovuti zilizotajwa na kuruhusu nyingine, na kuna vya kuruhusu, ambavyo huruhusu zilizotajwa peke yake na kuzuia dunia nzima iliyobaki. Hivi vya pili ndivyo vinavyoua masasisho. Mimi mwenyewe niliwawekea watoto wa dada yangu kule Nyegezi orodha ya tovuti za masomo zinazoruhusiwa, nikaona kazi imekwisha, na kompyuta yao ikakaa muda mrefu bila sasisho hata moja kwa sababu sikuandika majina ya seva zinazohusika. Kwa Windows, ongeza windowsupdate.com, update.microsoft.com na delivery.mp.microsoft.com. Kwa vifaa vya Apple, ongeza apple.com na cdn-apple.com. Kwa simu za Android, ongeza googleapis.com, gvt1.com na google.com. Andika majina, usiandike namba za IP, kwa kuwa seva hizo ni nyingi na namba zake hubadilika.

Halafu kuna kanuni ya kuzuia poti 80, ambayo huwekwa na watu makini waliosikia kwamba mawasiliano yasiyosimbwa si salama. Nia ni njema, lakini Windows huhitaji poti 80 pamoja na 443, na mfumo wa Ubuntu kwa kawaida huchukua vifurushi vyake kutoka archive.ubuntu.com kwa poti 80. Mifumo yote miwili hukagua saini ya kidijitali ya kila kinachopakuliwa, kwa hiyo usalama wa sasisho hautegemei kusimbwa kwa njia. Ondoa kanuni hiyo.

Sababu iliyo nadra zaidi katika kundi hili ni DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Namba za kosa 0x80072EE7 na 0x8024402C huashiria kwamba kompyuta imeshindwa kulipata jina la seva, au kwamba kuna proksi (seva ya kati ya kupitishia mawasiliano) iliyowekwa vibaya. Andika nslookup download.windowsupdate.com kwenye dirisha la amri. Jibu likikosekana, au likiwa 0.0.0.0, yupo anayelizuia jina hilo, na mara nyingi ni huduma ya DNS ya kuzuia matangazo ambayo mtu aliiweka kwenye modemu. Badilisha uweke ya mtoa huduma wako, au 1.1.1.1, ujaribu tena. Ila ukikuta kwenye modemu anwani za DNS ambazo hukuziweka wewe, na mtoa huduma anasema hazitambui, simama hapo. Chomoa modemu na usiingie kwenye akaunti ya benki wala ya pesa za simu kupitia Wi-Fi hiyo, kwa sababu hiyo ni moja ya alama za modemu iliyoingiliwa.

Anayetaka ushahidi kamili kabla ya kuilaumu fayawoli afungue PowerShell na kuandika Test-NetConnection sls.update.microsoft.com -Port 443, kisha Test-NetConnection download.windowsupdate.com -Port 80. Mstari wa mwisho wa jibu ukisema True, njia iko wazi na utafutaji urudi ndani ya kompyuta. Ukisema False kwa modemu lakini True kwa hotspoti, basi mhusika ni modemu au mtoa huduma wake.

Dalili ya pili: sasisho linaanza, linafika mahali linakwama

Anza na mambo mepesi. Bando la kasi likiisha, baadhi ya vifurushi huendelea kwa kasi ndogo inayotosha WhatsApp lakini isiyotosha sasisho kubwa. Mawimbi nayo ni tatizo la kweli katika mji huu wa majabali. Nyumba iliyojificha nyuma ya mwamba, kama zilivyo nyingi Mabatini na Igogo, inaweza kuwa karibu na mnara na bado ikapokea mawimbi hafifu. Kwenye ukurasa wa modemu tafuta kipimo kiitwacho RSRP: kikiwa karibu na −85 ni kizuri, kikishuka chini ya −110 usitarajie upakuaji mrefu ufike mwisho. Hamishia modemu dirishani, upande usiozibwa na jabali, kabla ya kubadilisha mpangilio wowote.

Pili, huenda faili lililopakuliwa nusu limeharibika umeme ulipokatika. Tumia kwanza kitatuzi cha masasisho kilichomo ndani ya Windows. Kikishindwa, simamisha huduma za wuauserv na bits, ulibadilishe jina folda la C:\Windows\SoftwareDistribution, kisha uanzishe kompyuta upya, nayo itaunda folda jipya na kupakua upya. Hapo tena bando litatumika tangu mwanzo, hivyo jipange.

Tatu, angalia kinga dhidi ya mashambulizi ya mafuriko, ambayo kwenye modemu huandikwa DoS. Sasisho hufungua miunganisho mingi kwa wakati mmoja, na kinga iliyokazwa kupita kiasi inaweza kulichukulia kama shambulio. Fungua kumbukumbu za modemu. Ukiona anwani ya kompyuta yako imeandikwa kuwa mshambuliaji kwa dakika ileile ambayo sasisho lilikwama, rudisha viwango vya kinga hiyo kwenye vile vya kiwandani. Usiizime.

Ya nne hutokea kwa nadra, lakini ndiyo inayowatesa watu kwa muda mrefu zaidi kwa sababu dalili zake zinapotosha: kurasa ndogo hufunguka haraka, ujumbe huenda, picha hufunguka, lakini kila kitu kikubwa hukwama palepale. Data husafiri katika pakiti, na pakiti ya kawaida ina hadi baiti 1500. Baadhi ya njia hazipitishi ukubwa huo. Miunganisho ya PPPoE, ile inayoingia kwa mtoa huduma kwa jina na nywila, kwa mfano, huishia 1492. Pakiti inapokuwa kubwa mno, kifaa kilicho njiani hutuma taarifa fupi kwa njia ya ICMP kumwambia mtumaji apunguze. Sasa, kuna mafundi waliofundishwa kwamba ICMP yote ni hatari na izuiwe, na modemu nyingi zina swichi ya kufanya hivyo. Taarifa ile ikizuiwa getini, mtumaji haambiwi kitu. Anatuma pakiti kubwa tena na tena, zinapotea, na sasisho linabaki pale lilipo. Nimeona mtu akinunua modemu mpya kwa ajili ya hili.

Kipimo chake ni rahisi. Andika ping -f -l 1472 1.1.1.1 kwenye dirisha la amri. Namba 1472 ukiijumlisha na baiti 28 za vichwa vya pakiti unapata 1500. Jibu likirudi, ukubwa si tatizo. Ukipata ujumbe kwamba pakiti inahitaji kugawanywa, njia inafanya kazi yake ya kutoa taarifa, na kinachobaki ni kupunguza. Ukipata kimya kwa 1472, na majibu yakarudi kwa namba ndogo kama 1400, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba taarifa zinazuiwa. Ruhusu ICMP kwenye fayawoli, au walau ondoa kanuni inayozuia ICMP yote. Kuacha kujibu ping kutoka nje ni jambo jingine na halina madhara kwa masasisho. Kisha tafuta namba kubwa kabisa inayopata jibu, ijumlishe na 28, na uiweke kama MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, kwenye modemu.

Wanaotumia Ubuntu wakiona maneno "Hash Sum mismatch", mara nyingi kuna kihifadhi cha kati kinachowapa nakala ya zamani. Kusubiri saa chache au kubadilisha seva ya vifurushi kwa kawaida hutosha.

Dalili ya tatu: kifaa kimoja kinakubali, kingine kinakataa

Ikiwa kifaa hata kimoja cha aina hiyohiyo kinajisasisha kupitia modemu, fayawoli ya jumla haina kosa. Angalia kwanza makundi ya vifaa. Modemu nyingi hukitambua kifaa kwa anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho wake kwenye mtandao, na kukipanga kwenye kundi la wazazi, watoto au wageni. Tangu Android 10 na iOS 14, simu huweza kutumia anwani ya MAC ya kubuni badala ya ile halisi, kwa hiyo simu uliyoiruhusu mwaka juzi inaweza kuonekana leo kama mgeni na kuwekewa masharti ya wageni. Kwenye mtandao wa nyumbani kwako, zima anwani ya kubuni kwa simu hiyo, au iandikishe upya.

Kisha geukia kifaa chenyewe. Programu za kinga dhidi ya virusi mara nyingi huja na fayawoli yake, na ile iliyoisha muda wa leseni inaweza kuendelea kuzuia bila kusema. Proksi iliyoachwa na programu ya zamani huonekana kwa amri netsh winhttp show proxy, na huondolewa kwa netsh winhttp reset proxy, amri inayoendeshwa kwa ruhusa ya msimamizi. Usiendeshe amri ya pili kwenye kompyuta ya ofisi, kwa sababu huko proksi inaweza kuwa imewekwa kwa makusudi.

Wapo wanaoshauri VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano kwa njia iliyosimbwa hadi seva nyingine, kama njia ya mkato ya kuikwepa fayawoli ya nyumbani. Sikubaliani nao. VPN haiondoi kosa, inalifunika, na kwa Tanzania kuna la ziada la kuzingatia: Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitoa taarifa kwa umma ikiwataka wanaotumia VPN wazitolee taarifa. Kurekebisha kanuni moja kwenye modemu ni kazi nyepesi kuliko hiyo.

Dalili ya nne: masasisho yanakubali saa fulani tu

Hapa karibu kila mara ni ratiba, yaani kanuni ya kufunga intaneti ya watoto usiku au wakati wa masomo. Windows hupenda kujisasisha nje ya saa za kazi, na hizo ndizo saa ambazo ratiba imefunga. Ukiifuta ratiba au ukaitenga kompyuta husika, tatizo limekwisha.

Ila kuna sura ya pili inayochanganya watu. Modemu nyingi hazina betri ya saa. Umeme ukikatika na kurudi, modemu huanza na tarehe ya kiwandani, mara nyingi 1 Januari 1970, kisha huuliza wakati sahihi kwa seva za NTP kupitia poti 123 ya UDP. Ikiwa umezuia poti hiyo, au seva ya wakati haijawekwa, modemu itaamini kuwa ni usiku wa manane huku ng'ombe wanarudi malishoni. Ratiba itafunga mchana na kufungua usiku, na hutaelewa kwa nini. Linganisha saa ya modemu na ya simu yako, weka pool.ntp.org kama seva ya wakati, na uchague saa za Afrika Mashariki, yaani UTC+3.

Dalili ya tano: simu imeandika kwamba programu inasubiri

Kwanza ni mpangilio wa Play Store wa kupakua kwa Wi-Fi tu au kwa mtandao wowote. Pili ni nafasi ya kuhifadhi iliyojaa. Tatu, na hapa fayawoli huhusika kweli, ni poti 5228 hadi 5230, ambazo huduma za Google hutumia kupeleka taarifa kwenye simu, ruhusu zitoke. Kwa iPhone na vifaa vingine vya Apple, poti ya taarifa ni 5223, navyo vikizuiwa hapo hujaribu 443.

Dalili ya sita: modemu yenyewe haijisasishi

Modemu iliyotolewa na mtoa huduma kwa kawaida husasishwa na yeye mwenyewe kwa mbali, hivyo kutokuona kitufe cha kusasisha si hitilafu. Usijaribu kuipakia programu ya ndani uliyoipata mtandaoni, hata kama jina la modeli linafanana. Herufi moja ya tofauti kwenye kibandiko inatosha kuifanya modemu isiwake tena.

Modemu uliyoinunua mwenyewe isasishe kwa faili kutoka tovuti ya mtengenezaji wake, ukiwa umeunganisha kompyuta kwa waya, si kwa Wi-Fi. Angalia LUKU kabla ya kuanza. Uniti zikiisha katikati ya kazi hiyo modemu inaweza kufa, na kama una UPS, huu ndio wakati wake. Usifanye kazi hii wakati mawingu yanajikusanya juu ya ziwa.

Mahali pa kuacha na kumwita mtaalamu

Radi za ukanda huu ni kali, na modemu iliyopigwa huweza kuwaka taa zote huku sehemu moja ya ndani imeungua. Ukisikia harufu ya kuungua, ukiona kifuniko kimevimba, au kifaa kikawa cha moto kiasi cha kutoshikika, zima swichi ya ukutani, usikifungue, umwite fundi. Waya wa faiba usiukunje wala usichungulie ncha yake iliyochomoka, kwa kuwa mwanga uliomo hauonekani na unaweza kudhuru jicho.

Kitufe cha kurejesha mipangilio ya kiwandani nacho ni mahali pa kusita. Hufuta kila kanuni mbaya, lakini hufuta pia jina na nywila ya PPPoE au mipangilio ya APN inayoiunganisha laini na intaneti, na bila hizo utabaki huna intaneti kabisa. Kama huna maandishi hayo mkononi, usikibonyeze kabla ya kuzungumza na mtoa huduma.

Unapompigia, mpe mambo yanayoweza kupimwa: modeli na toleo la programu ya ndani kama yalivyo kwenye ukurasa wa modemu, namba ya kosa, saa lilipotokea, matokeo ya hotspoti ya mtandao mwingine, na kipimo cha RSRP kama modemu ni ya laini. Ukifanya hivyo hataweza kukuambia uzime na kuwasha kisha akakata simu. Omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko na uiandike. Ikiwa siku zinapita bila jibu, namba hiyo ndiyo utakayoipeleka ofisi ya TCRA Kanda ya Ziwa, ambayo iko hapahapa Mwanza na hupokea malalamiko ya mteja aliyekwisha kuanza kwa mtoa huduma wake.